Unamwambia Nani? Maneno Machache juu ya Sauti ya Mtunzi

Waalimu wangu na wanafunzi wenzangu, neno "sauti" limetuganda midomoni siku hizi. Katika semina zetu za uhakiki hakuna mswada unaopita bila kuulizwa kama mtunzi wake "amepata sauti yake". Tunalitamka neno hili kwa uhakika mkubwa, halafu tukibanwa tueleze maana yake kila mmoja anatazama dirishani. Mimi mwenyewe nimelitumia sana dhidi ya miswada ya wenzangu, na nakiri hapa kwamba nilikuwa nalitumia kama rungu tu. Yaliyonikuta likizo iliyopita yamenilazimisha nilitazame upya, tena kwa aibu kidogo.

Mwaka jana niliandika hadithi fupi juu ya marehemu baba. Baba alikuwa fundi cherehani pale Soni, katika barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, akishonea kwenye baraza ya duka la mtu. Alifariki mimi nikiwa kidato cha pili na mdogo wangu hajatimiza miaka minne. Hadithi hiyo niliisoma jioni moja mbele ya wenzangu wa fasihi. Walipiga makofi. Mmoja akasema imemkumbusha Kezilahabi, nami nikalala siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa.

Likizo ilipofika nikaibeba nyumbani. Mdogo wangu yuko darasa la tano na anapenda kusoma kwa sauti, basi akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, mama akichambua maharage, akaanza. Alipofika mahali ambapo fundi wa hadithini anaacha kushona, anamtazama mwanawe na kumwambia kwamba maisha ni kitambaa na hatima ndiyo iliyoshika mkasi, akanyamaza. Akaniuliza, "Kaka, kwani baba alikuwa anaongea kama kitabu?"

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Baba yenu? Baba yenu alikuwa na pini mdomoni kutwa nzima! Akikutolea maneno matatu, umepata bahati."

Mdogo wangu hakucheka. Aliikunja ile karatasi vizuri, akanirudishia, akasema, "Sasa yeye alikuwaje?"

Swali hilo halikuwa la kihakiki, lakini sijaulizwa lingine gumu kama hilo tangu niingie chuo kikuu. Kurasa tisa nilikuwa nimeandika juu ya mtu, na mtoto wa mtu huyo alipozimaliza hakuwa amemwona baba yake hata kidogo. Wenzangu walisikia hadithi nzuri. Yeye alisikia mgeni.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili cha nyumbani mtu hatafuti sauti. Sauti anayo. Hukauka kwa mafua, hupazwa anayeitwa akiwa ng'ambo ya bonde, huteremshwa mgonjwa akipata usingizi, na hubadilika ghafla mkwe akibisha hodi. Katika mifano yote hiyo yuko msikiaji, na sauti inapimwa kwa umbali wake, hali yake na heshima yake. Sisi wa fasihi tumelichukua neno hili tukalipa maana ya kitu kilichofukiwa kifuani mwa mtunzi, ambacho akichimba sana ndani ya nafsi yake atakifikia. Ndiyo maana miswada yetu imejaa "mimi" na "moyo wangu", na bado ukifuta majina ya watunzi huwezi kujua huu ni wa nani na ule ni wa nani. Tumechimba wote, tukatoka na udongo wa rangi moja!

Ninachotaka kudai katika makala haya ni kwamba sauti ya mtunzi hujengeka pale anapojua anamwambia nani, na amesimama wapi anapomwambia. Hadhira tunayoitaja katika mihadhara (wasomaji, jamii, tabaka) ni pana mno kwa kazi hii. Nasemea mtu mmoja, mwenye masikio mawili.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao, na tunausoma kila mwaka. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufariki. Hakuandika "kwa jamii". Alimwambia binti yake, na mwanzoni kabisa anamwita asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Tazama kinachofuata kutokana na uamuzi huo mmoja. Kwa kuwa anayeambiwa ni binti atakayeolewa, mafundisho hayabaki kwenye wajibu kwa Mungu, kwa Mtume na kwa mume kwa ujumla wake. Yanaingia mpaka chumbani: mume akilala asiamshwe, apapaswe, na asikose mtu wa kumpepea. Mhubiri anayehutubia msikiti mzima asingetaja upepeo. Mama anataja, maana mama anajua nyumba inaishwaje. Tunaweza kabisa kubishana na maudhui ya utenzi huu, na dada zetu katika semina hubishana nayo kwa haki. Lakini sauti yake hata mpinzani wake anaisikia. Kwa kweli nadhani anabishana kwa ukali ule kwa sababu anaisikia: hapingi kanuni iliyoandikwa mahali fulani, anamjibu mwanamke.

Na tusisahau kwamba Mwana Kupona hakubuni umbo lolote jipya. Mizani nane, vipande vinne, kina cha mwisho kikitembea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho: ni utenzi kama tenzi nyingine. Hili linatuhusu sana sisi tunaodhani kwamba ili mtu awe na sauti yake ni lazima kwanza avunje umbo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alilichukua umbo lile lile karibu miaka mia baadaye. Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, mna tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake Mwanjaa na Adili kwa mwanawe wa kiume. Bahari ni ile ile ya Mwana Kupona, na shughuli ni ile ile ya mzazi kumwusia mtoto. Zisome hizo kazi mfululizo, leo moja kesho nyingine, uone kama utazichanganya. Huwezi. Yule wa kwanza ni mama anayeumwa, anasema Kiswahili cha upande wa Pate na Lamu, na anajua muda wake ni mfupi. Huyu wa pili ni baba, karani wa serikali, mtu wa Tanga anayeandika Kiswahili kilichonyooshwa, anayependa kuziita sifa za utu kwa majina yake na kuzipanga. Mimi binafsi nampenda zaidi Mwana Kupona (mwenzangu mmoja wa bwenini hajanisamehe kwa hilo, kwake Shaaban Robert ni mfalme na basi), ila sauti wanazo wote wawili, na hakuna aliyeipata kwa kuukimbia utenzi.

Kuna watakaoniuliza: na yule asiye na wa kumwambia? T. S. Eliot, katika mhadhara wake wa mwaka 1953 juu ya sauti tatu za ushairi, alitenga sauti ya mshairi anayejisemea mwenyewe au asiyemsemea mtu yeyote, sauti ya mshairi anayeiambia hadhira, na sauti ya mshairi anayesema kupitia mhusika wa tamthilia. Wengi wetu tumeichukua ile ya kwanza tukaifanya ndiyo sauti halisi, kana kwamba mbili zilizobaki ni kazi ya sokoni.

Jibu langu ni Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioihoji serikali ya Kenya inaelekea wapi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Huko gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Kama yuko mshairi aliyekuwa na haki ya kujisemea peke yake, basi ni huyu. Lakini yasome mashairi yale. Kuna anayejibiwa, kuna anayeonywa, kuna ndugu wawili wanaovutana juu ya mnazi, kuna mwenye nguvu anayefananishwa na mamba akaambiwa yake. Mtu aliye peke yake chumbani amekijaza chumba watu. Tena aliyasema yote kwa Kimvita. Kiswahili Sanifu kilikuwa kimekwisha kupewa kamati yake tangu mwaka 1930, na msingi wake ni Kiunguja; yeye akaenda na cha kwao Mombasa. Wahakiki huliona hilo kama suala la lahaja. Mimi naliona pia kama suala la anayeambiwa: mtu anayezungumza na watu wa kwao hawezi kuwatolea lugha ya ofisi. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, katika nchi ile ile iliyomfunga, jambo ambalo kila nikilifikiria natikisa kichwa.

Hapa ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Baada ya aibu ya nyumbani nilirudi chuoni nikajiambia dawa ni lugha ya kawaida. Nilikuwa na shahidi mzito. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alitangaza wazi kwamba anataka kuingiza katika ushairi lugha ya watu ya kila siku, akazua ugomvi na washairi wa vina na mizani uliodumu miaka mingi. Basi nikaketi nikaiandika hadithi ya baba upya kwa lugha tunayoongea sisi vijana kwenye foleni ya chakula. Masela, mishe, kukaza, kila kitu. Nilipoisoma peke yangu usiku niliona haya. Fundi wa Soni alikuwa amegeuka kondakta wa daladala!

Kosa langu lilikuwa lile lile, nilikuwa nimelibadilisha shati tu. Toleo la kwanza lilimwambia mwalimu, hili la pili liliwaambia wenzangu wa bwenini, na yote mawili yalitaka kusifiwa. Nilipolirudia lile la kwanza kwa kalamu nyekundu niligundua kwamba karibu kila sentensi ilikuwa imenyoosha mkono darasani ili ionekane. Niliandika kwamba Soni ni "mji mdogo uliokumbatiwa na milima". Nani wa nyumbani anahitaji kuambiwa hivyo? Niliweka methali tano, na mama amenihakikishia kwamba baba hakuwahi kuimaliza methali hata moja. Ile "hatima" niliitoa kwenye maswali ya mtihani. Hata lugha ya kawaida aliyoipigania Kezilahabi ilikuwa na kwao. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, inaanzia Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwenyewe, na msimulizi wake anasimulia kama mtu anayezijua nyumba zile. Ukiiiga lugha yake bila kuwa na Namagondo yako, unabaki na maneno mepesi yanayoelea.

(Kuna kazi moja ya Kezilahabi inayonishinda kwa kipimo changu hiki. Nagona, ya mwaka 1990, inasimuliwa na "mimi" anayesafiri, na kila nikiisoma nashindwa kumwona anayeambiwa. Labda Eliot alikuwa na haki kwa kitabu kimoja.)

Toleo la tatu nililianza kwa kuandika jina la mdogo wangu juu ya ukurasa, kama barua. Nanukuu mwanzo wake, bila jina:

"Baba hakuwa msemaji. Zile pini zenye vichwa vya rangi ulizokuwa ukiziokota chini ya meza, ndizo alizokuwa akizibana mdomoni. Mteja akimwuliza suruali itakuwa tayari lini, alinyoosha vidole. Viwili, keshokutwa. Akinyoosha mkono mzima, mteja alianza kulalamika, na baba akaanza kukanyaga cherehani ili asimsikie."

Sidai kwamba hii ni fasihi kubwa. Naomba tu tutazame kilichobadilika, maana kinaweza kuelezwa kwa sarufi ya kawaida kabisa. Kwanza ni "zile". Kionyeshi hiki hakionyeshi kitu kilichopo mbele yetu. Kinaonyesha kitu ambacho mimi na wewe tunakijua. Katika toleo la kwanza nilikuwa na "pini nyingi ndogo ndogo zenye kung'aa", yaani sifa tatu za kumtambulisha mgeni kwa pini. "Zile" imezifuta zote, na papo hapo msomaji wa nje anahisi kwamba kuna watu wawili hapa wanaoelewana. Pili, baba amenyamaza. Nilipokuwa namwambia mwalimu nilihitaji baba aseme jambo zito ili dhamira ipatikane. Mdogo wangu hahitaji dhamira, anahitaji vidole. Tatu, hakuna Soni, hakuna milima, hakuna ukungu; msikiaji wangu anaviona akifungua mlango. Nne, kuna utani kidogo, kwa sababu huwezi kumweleza mtoto habari za baba yake aliyekufa kwa uso mkavu toka mwanzo hadi mwisho. Sikupanga utani huo. Uliletwa na anayeambiwa.

Mwenzangu mmoja alipoyasikia haya alinikatiza: "Basi andika barua, uitie stempu, uache kutusumbua." Pingamizi lake ni la haki. Je, kila maneno aliyoambiwa mtu mmoja ni fasihi? Hapana. Na je, mtu wa nje ananufaika vipi na maneno asiyoambiwa yeye? Nadhani ananufaika kama anavyonufaika aliyeketi barazani huku majirani wawili wakizungumza uani. Hakuna anayemweleza chochote, kwa hiyo anatega sikio. Maneno ya Mwana Kupona alipewa binti mmoja, na baada ya hapo wanawake wa pwani waliyahifadhi na kuyanakili vizazi kwa vizazi. Kama angewaambia wote toka mwanzo, sijui kama yupo ambaye angesogea karibu.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi yenyewe haina siri. Chukua mswada wako, mteue mtu mmoja unayemfahamu kwa sura, kisha pita sentensi kwa sentensi ukijiuliza kama ungeweza kumwambia hivyo ana kwa ana bila yeye kukukunjia uso. Nyingi zitaanguka. Usiogope. Lakini mchague mtu kwa makini, asiwe yule atakayekubali kila kitu. Rafiki anayekupenda sana ni msikiaji mbaya. Mtoto ni mzuri, mkwe ni mzuri, mtu unayemdai au anayekudai ni mzuri kupita kiasi.

Ila kuna gharama ambayo sikuijua nilipoanza. Ukishamteua wa kumwambia, unajua pia usichomwambia. Mwaka wa mwisho wa uhai wake baba aliharibu kitambaa cha harusi ya watu. Alikikata vibaya, akadaiwa, akaiweka cherehani rehani kwa mwenye duka. Akaendelea kuishonea kama ya kuazima mpaka alipofariki, na deni halikuwa limekwisha. Nyumbani tumemwambia mdogo wangu kwamba cherehani iliuzwa. Haikuuzwa. Iko pale pale barazani, anaishonea fundi mwingine, na kaptula za shule za mdogo wangu zikichanika ndipo zinapopelekwa.

Katika toleo la kwanza jambo hili halikuwamo na wala sikulikumbuka, nilikuwa na hatima na mkasi wake. Katika toleo la tatu lilikuwa limekaa chini ya kila sentensi. Niliandika "akaanza kukanyaga cherehani" nikasimama hapo siku mbili. Kama ni mwalimu ninayemwambia, rehani ni maudhui mazuri: unyonyaji, tabaka, ningepata alama. Kwa mdogo wangu ni mashine anayoijua, ina alama ya kukwaruzwa ubavuni, na fundi yule humpa vipande vya vitambaa achezee.

Nilimwandikia mama kumwuliza. Alikaa kimya wiki nzima, halafu akajibu kwa mstari mmoja: nimwandikie, ila nisimtie marehemu aibu. Niko kwenye toleo la nne. Rehani imo, ukurasa wa sita, na baba bado hajasema zaidi ya maneno matatu. Sijui kama nitampa mdogo wangu asome mwenyewe au nitamsomea mimi. Kaptula yake nyingine imechanika, na mama ananiambia ameikataza isipelekwe kwa fundi mpaka nifike.